Kuchunguza Strima ya Hi-Fi Yenye Kompyuta ya Bodi Moja Ndani: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mmiliki

Strima ya muziki ni kifaa kinachochukua muziki kutoka kwenye intaneti au kwenye diski iliyoko nyumbani na kuupeleka kwenye amplifaya, ama kupitia kigeuzi cha sauti (DAC, kinachogeuza data ya kidijitali kuwa ishara ya sauti) kilichomo ndani yake, ama kupitia kigeuzi cha nje. Katika strima kadhaa za kampuni zenye heshima, kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya bodi moja ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua peke yake. Bryston ya Kanada iliuza BDP-Pi, ambayo jina lake lenyewe lilitangaza kwamba ndani mna Raspberry Pi, ikiwa imevalishwa bodi ya HiFiBerry ya kutolea sauti. Pro-Ject ya Austria iliijenga Stream Box S2 Ultra juu ya Raspberry Pi Compute Module 3. Volumio ya Italia ilitoa Primo ya kwanza ikiwa na Tinker Board S ya Asus, na Nucleus ya Roon, iliyotoka mwaka 2018, ilitumia bodi ya Intel NUC ndani ya kasha la chuma lisilo na feni.

Mnunuzi anayeligundua jambo hili baada ya kulipa mara nyingi huona ametapeliwa, kwa sababu anajua kwamba Raspberry Pi ya kwanza ilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35 na kwamba bodi hizo bado hupatikana kwa bei ndogo. Hisia hiyo inaeleweka, lakini haitoshi kuwa hukumu. Kampuni inayouza vifaa vichache kwa mwaka haiwezi kubuni kompyuta yake yenye memori, Wi-Fi na programu za kuendesha vipuri vyote, kisha ikaihudumia kwa miaka kumi, bila bei kupanda hadi kuwakimbiza wateja. Hata strima zisizo na Raspberry Pi mara nyingi zimejengwa juu ya moduli iliyonunuliwa ikiwa tayari, kwa mfano kutoka StreamUnlimited ya Vienna au kutoka Linkplay. Mambo yanayostahili kuulizwa ni mawili: mtengenezaji ameongeza nini kuizunguka bodi hiyo, na je, kifaa kitaendelea kufanya kazi siku ambayo mtengenezaji ataacha kukihudumia? Hatua zinazofuata zimepangwa ili kukusaidia kupata majibu hayo wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi ya kompyuta na kazi ya sauti

Kabla ya kuchunguza kifaa chochote, elewa kwamba kusoma faili la muziki ni kazi nyepesi mno kwa kompyuta ya leo. Muziki wa ubora wa CD, wenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na biti 16 katika chaneli mbili, unahitaji kiasi cha kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata faili kubwa la biti 24 na 192 kHz linahitaji megabiti 9.2 tu kwa sekunde kabla ya kubanwa. Raspberry Pi 3, ambayo tundu lake la mtandao lina kasi ya megabiti 100, inabeba mzigo huo bila kutaabika. Kwa hiyo tangazo linalosifia prosesa yenye nguvu kana kwamba ndiyo inayoifanya sauti iwe bora halikupi habari yoyote ya maana, isipokuwa kama strima hiyo pia inafanya kazi nzito ya kuchuja sauti au kusimamia maktaba ya nyimbo nyingi sana.

Sauti inaanza kuwa jambo la uhandisi pale data inapotoka kwenye kompyuta, nayo hutoka kwa njia mojawapo kati ya tatu. Njia ya kwanza ni USB, ambapo kigeuzi cha kisasa huendesha saa yake chenyewe, yaani mapigo yanayoamua kila sampuli itoke lini, na kuiomba kompyuta data kadiri kinavyohitaji. Katika mpangilio huu saa ya Raspberry Pi haina neno katika sauti, na kinachobaki kuhofiwa ni kelele za umeme zinazopita kwenye waya. Njia ya pili ni I2S, waya fupi za ndani zinazoanzia kwenye safu ya pini 40 iliyopo kwenye bodi tangu Model B+ ya mwaka 2014, na kuishia kwenye chipu ya kigeuzi. Njia ya tatu ni S/PDIF, yaani kebo ya koaksia au ya mwanga, ambayo husafirisha data pamoja na mapigo ya saa, hivi kwamba kigeuzi cha upande wa pili hulazimika kuyachambua mapigo hayo kutoka ndani ya ishara yenyewe.

Njia ya I2S inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo bodi ya kawaida ina udhaifu wa kweli. Muziki una familia mbili za sampuli: ile ya 44.1, 88.2 na 176.4 kHz, na ile ya 48, 96 na 192 kHz. Ili kuzipiga zote kwa usahihi kunahitajika kristali mbili za kutoa mapigo ya saa, kwa kawaida ya 22.5792 MHz, ambayo ni 44.1 kHz mara 512, na ya 24.576 MHz, ambayo ni 48 kHz mara 512. Raspberry Pi haina hata moja kati ya hizo. Kristali yake ni ya 19.2 MHz katika vizazi vitatu vya kwanza na 54 MHz katika Raspberry Pi 4, na zote mbili hazigawanyiki vizuri ili kutoa mapigo ya familia ya 44.1. Kompyuta huizunguka shida hiyo kwa kuchanganya mapigo marefu kidogo na mafupi kidogo ili wastani uwe sahihi, na matokeo yake ni mapigo yanayoyumba. Mhandisi anayejali kazi yake huweka kristali mbili kwenye bodi ya sauti na kuifanya bodi hiyo iwe bwana wa saa, huku Raspberry Pi ikifuata mapigo ya kutoka nje. HiFiBerry walifanya hivyo katika bodi zao za DAC+ Pro, na hiki ni kigezo cha kwanza ambacho ningekitafuta katika strima yoyote ya aina hii yenye kigeuzi ndani.

Hatua ya 2: Soma picha ya nyuma kabla ya kusoma sifa

Tafuta picha iliyo wazi ya upande wa nyuma wa kifaa. Raspberry Pi kamili ina ukubwa wa milimita 85 kwa 56, na katika modeli nyingi matundu manne ya USB pamoja na tundu la mtandao yamepangwa katika mstari mmoja, yakiwa yamebanana. Ukiuona mpangilio huo nyuma ya kasha kubwa lililo tupu kwa sehemu kubwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba bodi nzima imefungwa humo kama ilivyotoka dukani. Ukiona matundu yametawanyika kufuatana na mpango wa mbunifu, huenda ndani mna Compute Module, yaani ile bodi ndogo isiyo na matundu ambayo hupachikwa kwenye bodi mama iliyobuniwa na kampuni yenyewe. Kwangu tofauti hii ina uzito, kwa sababu anayetumia Compute Module amelazimika kubuni saketi ya umeme, ya mtandao na ya matundu kwa mkono wake, ilhali anayetumia bodi kamili anaweza, akitaka, kununua vipuri vitatu na kuvifunga kwa skrubu.

Baada ya picha, soma sifa zilizoandikwa, hususan ya mtandao. Kifaa chenye Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee na tundu la mtandao la megabiti 100 kinafanana na Raspberry Pi 3 Model B ya mwaka 2016. Alama za namna hii hazithibitishi jambo zikiwa peke yake, ila zikikutana na ukimya wa mtengenezaji kuhusu kilichomo ndani, zinatosha kukufanya umwandikie na kumuuliza waziwazi ni bodi ipi ametumia, ya kizazi gani, na kama programu yake imejengwa juu ya programu za kuchezea muziki kama Volumio au moOde, au juu ya mfumo wake mwenyewe. Pro-Ject na Bryston walilisema jambo hili hadharani bila biashara yao kuharibika. Muuzaji anayekataa kujibu amekupa sababu nzuri ya kutazama kwingine.

Hatua ya 3: Uliza ruta yako

Ikiwa kifaa tayari kiko nyumbani, au muuzaji wa kifaa kilichotumika amekuruhusu kukijaribu, huhitaji bisibisi ili kujua kilichomo. Kila kifaa cha mtandao kina anwani ya maunzi yenye jozi sita za herufi na tarakimu, na jozi tatu za mwanzo hutambulisha aliyesajiliwa kuwa mtengenezaji. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha tafuta anwani ya strima. Zile zinazoanza na B8:27:EB, DC:A6:32, E4:5F:01, D8:3A:DD, 28:CD:C1 au 2C:CF:67 zimesajiliwa kwa Raspberry Pi. B8:27:EB ni ya bodi za vizazi vya awali, na DC:A6:32 ilikuja na Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019.

Tazama pia jina ambalo kifaa kimejipa kwenye orodha hiyo, kwa sababu mara nyingine mtengenezaji huacha jina la asili la mfumo, kama vile volumio au moode, na jina hilo likakueleza zaidi ya kijitabu cha maelekezo. Zingatia, hata hivyo, kwamba kipimo hiki kinaweza kukosa: strima inayotumia adapta tofauti ya mtandao itaonyesha anwani ya adapta hiyo, na bodi ya Asus au ya Intel haitakuwa na tarakimu hizo kabisa. Jibu la ndiyo lina nguvu, na jibu la hapana linabaki kuwa dokezo.

Hatua ya 4: Fungua kasha ikiwa dhamana inaruhusu

Soma kwanza masharti ya dhamana, kwa kuwa stika moja iliyochanika inaweza kukunyima haki ya kutengenezewa kifaa. Ikiwa dhamana imekwisha, chomoa waya wa umeme na usubiri kabla ya kugusa chochote, hasa kama strima ina transfoma ndani, kwa maana kapasita kubwa za pawasaplai hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Gusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, kisha fungua.

Compute Module ya kizazi cha tatu utaitambua upesi kwa sababu imetengenezwa kwa umbo la kadi ya memori ya kompyuta mpakato na hupachikwa kwenye soketi ya aina hiyo. Compute Module 4, iliyotoka Oktoba 2020, ni bapa yenye milimita 55 kwa 40 na hukaa juu ya viunganishi viwili vilivyo upande wake wa chini. Ukishaitambua, iache na ugeukie mambo yanayoizunguka, maana hapo ndipo fedha yako ilipokwenda au ilipopotelea.

Anza na umeme. Fuatilia waya kutoka tundu la nyuma na uone kama kompyuta na kigeuzi vinashiriki tawi moja la volti 5, au kama kigeuzi kimepewa vidhibiti vyake vya volti. Kompyuta ni jirani mwenye kelele: prosesa yake huvuta mkondo kwa mikupuo, na mikupuo hiyo hupita kwenye waya wa umeme hadi kwenye saketi ya analojia ikiwa hakuna kilichoizuia. Matawi tofauti ya umeme ni dalili ya kazi iliyofikiriwa. Baada ya hapo tafuta kristali mbili zilizotajwa katika hatua ya kwanza. Huwa ni vijiboksi vidogo vya chuma vilivyoandikwa 22.579 na 24.576, na vinapaswa kuwa karibu na chipu ya kigeuzi. Ukikuta strima ya bei kubwa haina kristali hizo na inategemea saa ya Raspberry Pi kupitia I2S, una haki ya kusikitika.

Kama strima haina kigeuzi na inatoa S/PDIF peke yake, tafuta chipu ya kutuma ishara hiyo, ambayo katika bodi za HiFiBerry Digi ni WM8804, na transfoma ndogo iliyo kabla ya tundu la koaksia. Transfoma hiyo hutenganisha kifaa kimoja na kingine kiumeme. Gharama yake ni ndogo na faida yake inasikika wazi pale ambapo spika zilikuwa zikitoa mvumo.

Jambo moja la kukagua hapo hapo ni volti ya umeme wa ukutani, ikiwa strima imeagizwa kutoka nje. Marekani hutumia volti 120, Tanzania 230 na Kenya 240. Kifaa chenye adapta ya nje iliyoandikwa 100 hadi 240 hakina tatizo, lakini chenye transfoma ya ndani iliyofungwa kwa volti 120 kitaungua siku ya kwanza usipotumia transfoma ya kushusha umeme.

Hatua ya 5: Linganisha gharama kwa haki

Ulinganisho unaofanywa mara nyingi, wa bei ya strima dhidi ya bei ya Raspberry Pi, haufai kitu. Orodhesha vitu vyote ambavyo ungelazimika kuvinunua ili ujenge kifaa cha namna hiyo: bodi, bodi ya sauti yenye saa zake, pawasaplai nzuri, kasha la chuma, kadi ya kumbukumbu, usafirishaji na ushuru wa kila kipande. Ongeza muda wako wa kufunga, kusakinisha na kutatua matatizo, na pia ruhusa ambazo huwezi kuzinunua kama mtu binafsi. Strima ya kibiashara inaweza kuwa imekaguliwa na kuidhinishwa na huduma za muziki, ilhali kifaa ulichokijenga mwenyewe kinategemea programu za wazi kama librespot kwa ajili ya Spotify, ambazo hufanya kazi vizuri lakini zinaweza kukatika siku yoyote huduma ikibadilisha mlango wake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali, kwa sababu Spotify ilifungua huduma Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, na wengi wanaitegemea kila siku.

Hesabu hiyo ikishakamilika, jiulize kilichobaki katika bei kinalipia nini. Ningekubali kulipa zaidi kwa bodi mama iliyobuniwa vizuri, kwa programu inayosasishwa, na kwa fundi anayejibu simu. Singekubali kulipa zaidi kwa unene wa bati la mbele. Na kwa mtu anayetumia kigeuzi cha nje cha USB na hana shida na kuandika amri mbili tatu kwenye kompyuta, nasema bila kusita kwamba Raspberry Pi ya kawaida yenye moOde au piCorePlayer, programu nyingine ya aina hiyo, itampa data ile ile itakayotolewa na strima ya bei mara kumi.

Hatua ya 6: Pima kama data inafika bila kuguswa

Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji chombo chochote, mradi tu kigeuzi chako kina kioo kinachoonyesha idadi ya sampuli. Weka sauti ya strima kwenye kiwango cha juu kabisa au kilichofungwa, zima vichujio vyote, kisha cheza faili la FLAC (muziki uliobanwa bila kupoteza data) la ubora wa CD kutoka kwenye diski ya nyumbani. Kioo kinapaswa kuonyesha 44.1. Kikionyesha 48, mfumo wa ndani unabadilisha sampuli zote bila kukuambia, na hiyo ni kasoro ya programu hata kama bodi ni nzuri. Rudia kwa faili la 96 kHz na la 192 kHz. Usifanye kipimo hiki kwa Bluetooth, ambayo kwa kawaida huibana sauti upya kabla ya kuituma.

Ikiwa strima inakuruhusu kuingia kwa SSH (njia ya kuiandikia kompyuta amri kupitia mtandao), unaweza kuona zaidi. Amri aplay -l huorodhesha kadi za sauti, na wakati wimbo unacheza, kusoma faili /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params, ukibadilisha namba ya kadi kulingana na orodha hiyo, kutakuonyesha idadi ya sampuli na umbo la data inayokwenda kwenye kigeuzi wakati huo. Katika Raspberry Pi kuna amri nyingine yenye thamani kubwa, vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme umetulia tangu kifaa kilipowashwa. Ikijibu 0x50000, volti ilishuka chini ya kiwango wakati fulani na prosesa ikapunguziwa kasi, na 0x50005 ina maana kwamba hali hiyo inaendelea sasa hivi. Kiwango chenyewe ni takriban volti 4.63, na mara nyingi mkosaji ni adapta ya simu au kebo nyembamba iliyochukua nafasi ya adapta ya asili. Raspberry Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3.

Ukitaka kulinganisha strima mbili kwa masikio, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwa maana sikio huhukumu chenye sauti kubwa zaidi kuwa bora. Cheza mlio wa majaribio wa 400 Hz kwa sauti ya chini, pima volti ya mkondo geu (AC) kwenye vituo vya spika kwa multimita, na uhakikishe kwamba tofauti kati ya vifaa viwili haizidi asilimia 1. Nimechagua 400 Hz kwa sababu multimita nyingi za bei nafuu hazipimi vizuri masafa ya juu zaidi ya hapo. Kisha mwombe mtu mwingine abadilishe vifaa bila wewe kuona.

Hatua ya 7: Chunguza programu kama unavyochunguza chuma

Strima yenye kompyuta ya kawaida ndani ni kompyuta ya Linux iliyounganishwa na mtandao wako, na inastahili uangalifu ule ule. Mfumo rasmi wa Raspberry Pi ulikuja na mtumiaji aitwaye pi na nywila raspberry hadi Aprili 2022, na bidhaa zilizojengwa kabla ya hapo zinaweza kuwa bado na mlango huo. Kutoka kwenye kompyuta nyingine nyumbani, jaribu kuingia kwa majina hayo. Ukifanikiwa, badilisha nywila mara moja, na kwa vyovyote usifungue njia kwenye ruta inayoielekeza intaneti kwenye strima.

Angalia tarehe ya sasisho la mwisho, na uone masasisho yamekuja mara ngapi katika miaka miwili iliyopita. Kifaa kisichosasishwa kitaanza kukosa huduma za muziki moja baada ya nyingine, ingawa chuma chake kingali kizima. Fahamu pia kwamba kiini cha Linux kiko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomlazimu anayeuza kifaa chenye kiini hicho kumpa mteja msimbo chanzo akiuomba. Uombe. Kampuni inayojibu ombi hilo kwa utaratibu huwa inaijua programu yake vizuri, na msimbo huo unaweza kuwa ndio uhai wa kifaa chako baadaye.

Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, uliza data inahifadhiwa wapi. Kadi ndogo ya kumbukumbu inaweza kuharibika ikikatiwa umeme wakati inaandikwa, na strima ikagoma kuwaka asubuhi yake. Kumbukumbu ya eMMC iliyochomelewa kwenye Compute Module ni imara zaidi, lakini nayo haina kinga kamili. Mfumo ulio salama zaidi ni ule unaoendesha programu yote ndani ya memori na kuigusa kadi pale tu unapohifadhi mipangilio, kama piCorePlayer inavyofanya. Vinginevyo, ile UPS ndogo (betri ya akiba) inayouzwa kwa ajili ya ruta itatosha, mradi volti na ampea zake zilingane na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya strima.

Hatua ya 8: Jiandae kwa siku ya kuharibika

Hapa ndipo kompyuta ya dukani inapogeuka kuwa faida ya mnunuzi. Moduli iliyobuniwa na kampuni moja ikifa baada ya kampuni hiyo kufungwa, kifaa kizima kimekufa. Raspberry Pi iliyokufa hubadilishwa, nayo kampuni ya Raspberry Pi hutangaza mapema ni hadi mwaka gani itaendelea kutengeneza kila modeli. Uhakika huo ulitikisika wakati wa uhaba wa chipu kati ya 2021 na 2023, bodi zilipokuwa adimu madukani na wateja wa viwandani wakapewa kipaumbele, kwa hiyo mwenye strima anayoipenda atafanya vema kuhifadhi bodi moja ya akiba akiipata kwa bei ya kawaida.

Kifaa kingali kizima, fanya mambo haya. Ikiwa kina kadi ya kumbukumbu, itoe, itengenezee nakala kamili kwenye kompyuta na uihifadhi mahali pawili. Ikiwa kina eMMC, muulize mtengenezaji kama anatoa faili la kuirejesha programu, kwa sababu Compute Module mpya itafika ikiwa tupu. Fungua faili la config.txt, ambalo liko katika sehemu ya kuwashia mfumo, na unakili mstari unaoanza na dtoverlay, kwa mfano dtoverlay=hifiberry-dacplus. Mstari huo mmoja ndio unaoieleza Linux ni saketi gani ya sauti imeunganishwa, na ukiwa nao unaweza kusakinisha Volumio au moOde kwenye kadi mpya na kuirejesha strima kwenye muziki hata kama programu ya asili imepotea.

Unaponunua bodi ya kubadilishia, nunua ya kizazi kile kile. Compute Module 3 haiingii kwenye viunganishi vya Compute Module 4, na ingawa Compute Module 5 ya mwaka 2024 ina umbo la ile ya 4, programu ya zamani haitawaka juu yake bila kiini kipya cha Linux. Hali ni hiyo hiyo kwa Raspberry Pi 5 ukiiweka mahali pa Raspberry Pi 3 au 4. Kwa Nucleus na strima nyingine zenye NUC, kumbuka kwamba Intel ilijiondoa katika biashara hiyo mwaka 2023 na Asus ikachukua, hivyo kipuri cha modeli ya zamani kitafutwe zaidi katika soko la vifaa vilivyotumika. Andika jina la bodi, kizazi chake, kiasi cha memori na ule mstari wa dtoverlay kwenye karatasi, kisha ibandike ndani ya kifuniko cha kasha, ili fundi atakayeifungua strima hiyo baadaye ayakute yote pamoja.